Binti Yetu na Meli ya Kuhesabu Kasa

Jumapili iliyopita nyumbani kwetu Tononoka mahamri yalipoa mezani, na hiyo si desturi yetu. Mahamri na mbaazi za mamangu huwa hayangojwi. Lakini siku hiyo kila mtu alikuwa ameikodolea macho karatasi moja iliyowekwa kati ya birika la chai na bakuli la mbaazi, na hapakuwa na aliyenyoosha mkono.

Karatasi hiyo ilikuwa ya mpwa wangu, binti wa dadangu mkubwa. Ana umri wa miaka 21 na anasoma chuo kikuu, elimu ya viumbe vya bahari. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda na chombo cha utafiti kwa siku 12 kama mwanafunzi wa mazoezi, kazi yake ikiwa ni kusaidia kuhesabu kasa huko bahari kuu, ambako mtu akitazama nyuma haoni tena minazi ya pwani. Fomu yote alikuwa ameijaza isipokuwa mstari mmoja wa mwisho. Mstari huo ulitaka jina na sahihi ya jamaa wa kuarifiwa iwapo kutatokea dharura.

"Mimi siweki sahihi," dadangu alisema. "Nikiweka ni kama nimekubali kuja kugongewa mlango usiku."

Shemeji yangu naye alikuwa na lake. Alisema hajapata kusikia msichana wa mtaani petu akilala siku 12 ndani ya meli pamoja na mabaharia, na kwamba watu watasema. Ni watu gani hao watakaosema, hakututajia.

Mamangu hakutia neno. Aliinuka, akachukua kanga yake, akaenda jikoni. Sote tulijua sababu. Mamangu alizaliwa Kizingitini, huko visiwa vya Lamu, na kakake mkubwa alitoka na dau msimu wa kusi akiwa kijana wa miaka 19. Hakurudi, wala dau halikuonekana, wala ubao wake mmoja. Bahari haishi zinge, hunena wahenga, na kwetu sisi methali hiyo si ya kufanyia mtihani.

Mwishowe macho yote yalinigeukia mimi.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "wewe ni mwandishi wa magazeti. Waambie basi."

Sasa, msomaji wangu, niwaambie nini? Mimi ninachokijua kuhusu kasa ni kile anachokijua kila mtoto wa Mombasa. Nikaomba nipewe wiki moja, nikaulize na kusoma, kisha nirudi na jawabu. Haya ninayokuandikia leo ndiyo niliyoyapata, na mwisho nitakueleza ile karatasi iliishia wapi.

KASA WA UFUKWENI

Wengi wetu mjini twamjua kasa wa ufukweni tu. Twajua kwamba usiku, katika fuo kama za Nyali na Bamburi, kasa jike hupanda mchangani, huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, hutaga mayai mia moja na zaidi, huyafukia, na kurudi majini. Twajua kwamba baada ya kama miezi 2 vitoto huchomoza na kukimbilia maji. Wengine tumewahi kusimama kando na kuvipigia makofi vikienda zake.

Watafiti hukadiria kwamba katika vitoto 1,000 huenda kikabaki kimoja tu kitakachofikia umri wa kuzaa, na umri huo wenyewe ni miaka 20 au 30, wakati mwingine zaidi. Vingine huliwa na kaa na ndege kabla ya kufika majini, vingine huliwa na samaki, vingine hunaswa na nyavu.

Lakini hebu tufanye hesabu ndogo. Kasa jike hukaa nchi kavu saa chache kwa usiku mmoja, mara kadhaa kwa msimu mmoja, kisha aghalabu hupumzika miaka 2 hadi 4 kabla ya kurudi kutaga tena. Dume naye, akishaingia baharini siku ile ya kuanguliwa, ni nadra mno kukanyaga mchanga tena hadi kufa kwake. Na wale wadogo wanaokua huwa hawapandi ufukweni kutaga.

Kwa hiyo mtu anayehesabu kasa kwa kuangalia mashimo ya mayai peke yake ni kama mtu anayetaka kujua idadi ya wakazi wa Mombasa kwa kuhesabu akina mama waliolazwa wodi ya uzazi usiku mmoja. Hesabu yake itakuwa ya kweli, lakini akina baba, watoto wa shule na wazee wote hatakuwa amewaona.

Na jambo hilo si la mzaha. Kasa hana jinsia maalumu yai linapotagwa. Joto la mchanga ndilo huamua. Mchanga ukiwa na joto jingi hutoka majike, ukiwa na joto kidogo hutoka madume, na mpaka kati ya hayo mawili uko kama nyuzi 29. Mwaka 2018 watafiti wa kule Australia walitangaza kwamba walikwenda kuwakamata kasa baharini, kwenye malisho yao, wakawapima. Miongoni mwa kasa wachanga waliotokea fuo za joto za kaskazini, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Ufukweni hakuna aliyekuwa ameliona hilo, kwa sababu ufukweni majike ndiyo huja siku zote! Ilibidi watu waingie majini ndipo wajue kwamba madume yamekwisha.

WAGENI WASIO NA PASIPOTI

Ulimwenguni kuna aina 7 za kasa wa baharini, na 5 kati ya hizo huonekana katika maji ya Kenya. Wazee wetu waliwapa majina zamani, kabla ya vitabu vya sayansi kufika huku. Kuna kasa mwenyewe, yule anayekula majani ya baharini. Kuna ng'amba, mwenye mdomo kama wa mwewe na gamba la kupendeza ambalo lilimponza. Kuna kigome, mdogo wa umbo. Hao watatu hutaga katika fuo zetu. Kisha wapo duvi, mwenye kichwa kikubwa, na noa, yule asiye na gamba gumu bali ngozi, ambaye huweza kuzama zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Hao wawili hupita tu, na hupita mbali.

Wanapita wakienda wapi? Hilo ndilo swali lililowapeleka watu baharini.

Kasa akikamatwa huweza kugundishwa kifaa kidogo juu ya gamba, na kila anapotoa kichwa kupumua kifaa hicho hupeleka ishara kwenye setilaiti. Mwaka 2014 watafiti walieleza safari za kasa 8 waliovishwa vifaa hivyo katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Mmoja wao alisafiri karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia kutafuta malisho. Mwaka huohuo ilielezwa pia habari za duvi wachanga walionaswa kwa bahati mbaya na ndoana za meli za uvuvi karibu na kisiwa cha Réunion, wakatibiwa na kuachiliwa. Wengi wao walielekea kaskazini, upande wa Oman, ambako katika kisiwa cha Masira kuna mojawapo ya mazalio makubwa ya duvi duniani.

Tazama ramani, msomaji. Atokaye Réunion kwenda Oman ana bahari gani ya kupita? Sisi watu wa Mombasa tuna jamaa Maskati, na twaona fahari kusema babu zetu walikwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Kumbe safari ile haikuwa ya majahazi peke yake.

Na bado kuna kipindi ambacho hata wataalamu hawakijui vizuri. Mmarekani mmoja, Archie Carr, aliyewatafiti kasa hadi kufariki kwake mwaka 1987, alikiita miaka iliyopotea. Ni ile miaka ya mwanzo, tangu kitoto kinapoingia majini hadi kinapoonekana tena karibu na pwani kikiwa na ukubwa wa sinia. Mahali kinapokaa ni huko nje, kikielea pamoja na mwani na takataka za bahari. Siku hizi takataka hizo ni pamoja na mifuko na vipande vya plastiki, ambavyo kitoto cha kasa hakiwezi kuvitofautisha na chakula.

KAZI YENYEWE NDIYO HII

Dadangu alidhani kwamba bintiye atakwenda kupiga mbizi kati ya papa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kazi ya mwanafunzi katika chombo kama hicho aghalabu ni kusimama, kutazama na kuandika.

Chombo hufuata mistari iliyonyooka iliyochorwa kwenye ramani kabla ya safari. Watazamaji hupanda mahali pa juu na kukaa kwa zamu. Mmoja hutazama kulia, mwingine kushoto, na wa tatu huandika. Akionekana kasa huandikwa saa, mahali, umbali kutoka chomboni, aina yake na ukubwa wake, na pia hali ya mawimbi na mwangaza wa jua, kwa kuwa bahari ikichafuka kasa humwoni hata akiwa karibu. Baada ya muda hubadilishana, maana macho huchoka na mtu huanza kuona kasa katika kila povu. Na hapa ndipo pagumu: saa ambayo hakuonekana kasa hata mmoja nayo huandikwa vilevile. Asiyeweza kuandika "hapana" kwa uaminifu saa 6 mfululizo, kazi hii si yake.

Mbali na hayo kuna vyombo vinavyoteremshwa kwa kamba ya chuma kupima joto, chumvi na kina. Kuna nyavu laini za kuchota vidudu vidogo vya baharini. Na mara chache, bahari ikitulia, kasa hukamatwa kwa wavu wa mkono kutoka kwenye mashua ndogo. Hupimwa gamba kwa utepe kama wa fundi wa nguo, huchukuliwa kipande cha ngozi kisichozidi punje ya mchele, huvishwa alama ya chuma kwenye kasia la mbele, kisha huachiliwa.

Mimi mwenyewe siwezi kazi hiyo, na nisikufiche. Miaka michache iliyopita nilikwenda na wavuvi nje ya mwamba wa Nyali nikitafuta makala. Kabla hatujaupita mlango wa mwamba nilikuwa nimeyarudisha mahamri yote ya asubuhi, na nahodha akanipa ndimu ninuse huku mabaharia wake wakificha vicheko. Katika saa 5 nilimwona kasa mmoja tu. Alitoa kichwa, akavuta pumzi, akazama. Nilipomaliza kutafuta kalamu alikuwa amekwenda zake. Kasa huweza kukaa chini ya maji zaidi ya nusu saa, na akilala hata saa kadhaa. Kwa hiyo mtu anayepita juu kwa mashua humkosa mara nyingi kuliko anavyomwona, na ndiyo maana kumhesabu kwataka siku nyingi, mistari mirefu na watu wenye subira. Si mambo ya mwandishi mwenye ndimu puani.

MELI ZA WATU NA MELI YETU

Ukisimama Mji wa Kale, kwenye Bandari ya Kale, ukatazama ng'ambo ya maji, utaona Mkomani. Huko ndiko iliko makao makuu ya taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kutoka Tononoka ni safari ya matatu moja kuvuka daraja la Nyali na kutembea kidogo. Ni wangapi katika sisi tumewahi kufika? Mimi ni mwenyeji wa mji huu na sikuwa nimefika.

Mapema miaka ya 1980 maji yetu yalipimwa na meli ya Norway iitwayo Dr. Fridtjof Nansen, iliyokuwa ikishirikiana na shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1992 ikaja meli ya Uholanzi, Tyro, ikachunguza pwani yetu wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Wanasayansi Wakenya walipanda meli hizo wakafanya kazi nzuri, lakini meli zilikuwa za watu, na mwenye meli ndiye hupanga safari. Ikiondoka, imeondoka. Mwaka 2012 serikali ya eneo la Flanders huko Ubelgiji iliipa Kenya meli yake ya utafiti, Zeeleeuw, yenye urefu wa mita 56. Hapa kwetu ikapewa jina la RV Mtafiti.

Siyasemi haya kwa kuwabeza wageni. Mengi tunayoyajua kuhusu bahari yetu wametusaidia kuyajua. Ninachosema ni kwamba eneo la bahari la Kenya huenda hadi maili 200 kutoka pwani, na mtoto wa pwani anayejua jambo juu ya maili 190 za mwisho ni wa kutafutwa kwa taa. Tukiwazuia watoto wetu kupanda chombo, tutaendelea kusomewa habari za kwetu na watu waliopita.

Ufukweni tumejitahidi. Kamati ya kuwahifadhi kasa, KESCOM, iliundwa mwaka 1993. Kule Watamu tangu mwaka 1997 kuna watu wanaolinda mayai na kuwashawishi wavuvi wasiwachinje kasa walionaswa nyavuni bali wawaachilie. Kazi kama hiyo ikifanywa na wengi huleta matunda. Oktoba 2025 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimtoa kasa wa majani katika orodha ya wanyama walio hatarini duniani, baada ya miaka mingi ya kulindwa. Lakini ng'amba bado yumo katika daraja la hatari kubwa kabisa. Mmoja akipata nafuu na mwingine asipate, mtu hawezi kujua sababu kwa kukaa ufukweni.

BABU NA CHAZO

Nilirudi Tononoka siku ya Alhamisi jioni nikiwa na daftari limejaa. Nilimkuta mamangu peke yake barazani akichambua mchele. Nikamsomea majina ya kasa, nikitaka kujua kama nimeyaandika sawa.

"Babangu angekucheka," alisema. "Wasoma kasa kwenye karatasi."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Babu, babake, alikuwa mwindaji wa kasa, na alimwinda kwa chazo. Chazo ni samaki mwenye kisahani kichwani ambacho hujigandishia kwa papa au kasa. Wavuvi wa huko humfunga kamba karibu na mkia na kumweka majini akifuatana na dau. Akionekana kasa, chazo huachiliwa. Huenda mbio, hugandama chini ya gamba, na mvuvi huvuta kamba polepole, asimkurupue, mpaka kasa afike karibu.

"Babangu alijua kasa yuko wapi mwezi gani," mamangu alisema. "Akijua huyu ni wa kula majani, huyu ni wa mwamba. Na akisema, ukiona wadogo wamekuwa haba, yaache maji hayo yapumzike."

Nilipotafuta zaidi nikakuta kwamba uvuvi huo uliandikwa na Mwingereza Frederic Holmwood wa ubalozi wao mjini Unguja, katika jarida la wataalamu wa wanyama la London, mwaka 1884. Na zamani zaidi ya hapo, baharia mmoja wa Kiyunani wa karne ya kwanza aliandika habari za pwani hii, akataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa huku, na namna watu wa kisiwa alichokiita Menouthias walivyowatega kasa kwa vikapu. Maarifa ya kasa ni yetu tangu hapo. Mpwa wangu haendi kuanza jambo geni.

Leo kumwinda kasa ni kosa kisheria, na kuna sababu nyingine ya kumwacha, nayo ni ya jikoni. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mama mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa hospitalini. Mara nyingine kasa huwa na sumu mwilini, inayodhaniwa kutokana na vile anavyokula baharini. Kupika hakuiondoi, na kwa kumtazama huwezi kumjua mwenye sumu na asiye nayo. Nilipomsomea mamangu habari hiyo aliacha kuchambua mchele.

"Watoto 8," alisema. Kisha baada ya muda: "Na huyo kasa alikuwa amekula wapi?"

"Hilo ndilo wajukuu wako wataka kwenda kulitafuta," nilimjibu.

MASWALI YA MZAZI

Hata hivyo, msomaji, usidhani nawaambia wazazi watie sahihi kila karatasi inayoletwa. Hofu ya dadangu haikuwa upuuzi, wala ya shemeji yangu. Mzazi ana haki ya kuuliza, na chombo chenye watu wa maana hakitakasirika kikiulizwa.

Uliza mkuu wa safari ni nani na yuko chini ya taasisi gani. Uliza kama wasichana wana vyumba vyao vyenye kufungwa, na kama kuna mwanamke mwingine mwenye cheo humo ndani ambaye binti anaweza kumwendea akiwa na malalamiko. Uliza kuhusu bima, mtu wa huduma ya kwanza, chakula, na nafasi ya kuswali kwa anayeswali. Uliza meli huwasiliana na nchi kavu mara ngapi kwa siku na nambari ya kupiga ni ipi. Uliza kama wanafunzi hufunzwa kuvaa boya na kuingia mashua ya kuokolea kabla ya kung'oa nanga. Hapa Mombasa, mafunzo ya usalama wa baharini hutolewa na chuo cha mabaharia cha Bandari Maritime Academy, na mwanafunzi aliyeyapitia huenda na moyo mkunjufu zaidi. Ukijibiwa kwa kigugumizi, mzuie mwanao na usione haya.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, kama kazi hii yawavutia, mlango wake si mwembamba. Baiolojia, kemia, jiografia na hesabu ndizo nguzo, na hesabu msiikimbie, maana kuhesabu kasa ni hesabu kweli. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi hufundisha elimu ya viumbe vya bahari na uvuvi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapo Tudor, mwendo mfupi kutoka Tononoka, kina masomo ya rasilimali za bahari. Jifunzeni kuogelea. Nimeshangaa kusikia ni watoto wangapi wa kisiwa hiki wasiojua kuogelea! Na jifunzeni kuandika vizuri, kwa mwandiko unaosomeka, hata mkiwa mmelowa.

Jumapili asubuhi tulikutana tena, na safari hii mahamri yaliliwa kwanza. Nikawasomea daftari langu. Mpwa wangu alikuwa ameyaandika maswali yote na kuyapeleka kwa wenye safari, na alikuwa na majibu. Wasichana ni 4, wana chumba chao, na mkuu wa watafiti ni mwanamke mwenye watoto. Shemeji yangu alisoma majibu hayo mara mbili, akakohoa, akasema kama ni hivyo yeye hana kizuizi. Lakini dadangu alikuwa bado ameukazia macho ule mstari wa mwisho.

Mamangu ndiye aliyenyoosha mkono.

"Leteni kalamu," alisema. "Kaka yangu alipotoka, hapana aliyeandika alikwenda wapi, na nani, wala arudi lini. Mama alikwenda pwani kila jioni mwaka mzima akiuliza kila dau, na hapana aliyeweza kumwambia neno. Nyinyi mwaiogopa karatasi hii. Sisi hii ndiyo tuliyoikosa."

Akaandika jina lake taratibu, herufi moja baada ya nyingine, akaweka sahihi. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Ukimwona kigome," akamwambia, "usimwandike kasa. Babu yako atakusikia."

Meli itaondoka mwezi ujao, bahari ikitulia. Akirudi salama, inshallah, nitamwomba daftari lake, nikueleze aliona wangapi, na ni saa ngapi aliandika "hapana."

Hadi Jumapili ijayo, majaliwa.